Sukari ya Bibi Imeshuka

Wiki iliyopita nilikuwa dukani, hapa jirani na kwetu Ilemela, nimetumwa chumvi na sabuni. Foleni ilikuwa ndefu na mimi foleni siziwezi, kwa hiyo nilishaanza kununa. Mwenye duka akachungulia dirishani akasema kwa sauti, "Haya akina mama, sukari imeshuka!" Watu wakafurahi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapiga kigelegele kabisa, wenzake wakacheka. Mimi nikashika nondo za dirisha. Moyo ulinidunda kama vile nimeitwa jina langu na mtu aliyekwisha kuzikwa. Nikatoka kwenye foleni, nikapanda mlima kurudi nyumbani bila chumvi wala sabuni.

Katika ukoo wetu maneno hayo mawili ni kichekesho. Mjomba Masanja, kaka yake Mama, hawezi kuhudhuria shughuli yoyote bila kukisimulia. Iwe harusi, iwe kipaimara, chakula kikichelewa tu utamsikia, "Jamani, mwambieni Kabula atutangazie bei za leo." Kabula ndiye mimi. Basi hapo watu wanageuka kuniangalia, wasiokijua kisa wanaomba wasimuliwe, wanaokijua wanaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Na mimi nacheka. Nimekua nikijua kwamba kucheka ni sehemu yangu katika hicho kisa. Naandika hapa kwa sababu nimechoka kucheka. Wenzangu wa rika langu, hasa ninyi mliolelewa jikoni na bibi, mtanielewa upesi.

Bibi mzaa mama alikuja kukaa nasi wakati tumepanga Mkuyuni, juu kabisa kwenye mawe, nyumba ambayo ukimwaga maji mlangoni yanamfikia jirani wa chini kabla hujarudisha ndoo. Alikuja kwa ajili ya kliniki. Lakini kwa mizigo aliyoshusha ungedhani amekuja kufungua soko. Kiroba cha karanga za maganda. Kiroba cha matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa hadi vikawa vigumu kama kwato, na utamu wote umejificha ndani. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yamejazwa kwenye gunia hadi limevimba. Ukwaju umefinyangwa madonge. Mbegu za maboga. Chumba chetu kilianza kunuka vumbi tamu, harufu ya ghala, na mpaka leo nikiisikia harufu hiyo mahali popote nageuka kumtafuta.

Siku ya kwanza alizunguka nyuma ya nyumba, akaliona lile jiwe kubwa lililolala kama mgongo wa kiboko, akalipiga kofi kama mtu anayepiga ng'ombe anayetaka kumnunua.

"Ninyi watu wa mjini," akamwambia Mama, "Mungu amewapa pa kuanikia pakubwa hivi, halafu mnanunua mboga?"

Kuanzia hapo jiwe likawa la Bibi. Alianika majani ya kunde, majani ya maboga, mchicha uliobaki sokoni kwa Mama, bamia zilizokatwa vipande, hata maembe mabichi. Kazi yangu ilikuwa kulinda. Mbuzi wa jirani niliwafukuza kwa fimbo, lakini wale korongo wakubwa wenye vipara waliokuwa wanatua juu ya jiwe walinitazama kama mimi ndiye nimeingia kwao. Bibi alikuwa anawaamkia. "Shikamooni, wazee wa halmashauri," anasema, halafu anawarushia kiatu.

Kwa Bibi mimi nilikuwa mke mwenzake. Mliolelewa kwetu mnajua, mjukuu wa kike na bibi yake ni wake wenza, wanamgombania babu. Babu alishakufa zamani lakini ugomvi uliendelea. "Mke mwenzangu, umeamka? Umeota na mume wangu tena?" Nilikuwa darasa la pili, nilijibu bila aibu, "Ndiyo, na amesema wewe hujui kupika." Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Sasa, habari ya sukari. Nilimsikia Mama akimwambia Mjomba Masanja, "Mama ana sukari." Nilikuwa nalala chumba hichohicho, nimejifunika shuka, nikafurahi. Kesho yake nilipekua viroba vyote. Nilitoa karanga, nilitoa matobolwa, nilifika mpaka chini ya nsansa nikakohoa vumbi, sukari sikuiona. Nikaamua ameificha kijijini. Halafu siku nyingine nikasikia, "Sukari ya Mama imepanda tena, jamani, tufanyeje?" Na siku zilezile huko madukani sukari nayo ilikuwa imepanda, wanawake wote wa mtaani wanalalamika. Nikaunganisha mambo. Bibi yangu ni mfanyabiashara wa sukari! Ana mzigo mahali fulani, bei inapanda, na Mama na Mjomba wana wasiwasi kwa sababu hautanunulika. Chai alikuwa anakunywa bila sukari, na hilo nalo niliona lina maana, kwani hata Mama alikuwa hatuachii tule maembe mazuri, yale ni ya kuuza. Shuleni niliwatambia wenzangu kwamba bibi yangu ana sukari nyingi. Kuna mmoja alijibu bibi yake pia anayo, tukabishana nani anayo zaidi.

Bibi mwenyewe hakunisaidia kuelewa. Herufi za r na l kwake zilikuwa ndugu, yeyote aliyepo anaitika. Alisema "kalanga", alisema "kusubili", na alisema "sukali". Nilipomuuliza kwa nini anaiita hivyo akaniambia, "Si kwa sababu ni kali? Ingekuwa pole ningeiita supole."

Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, Mama alimchoma sindano, mimi nikigeuza uso. Na kila asubuhi alisema maneno yaleyale akiwa anafunga kanga, "Mama, umeshachomwa, ule. Usikae na tumbo tupu. Kabula, mkumbushe Bibi kula." Mimi naitikia haya. Lakini kumkumbusha mtu mzima kula, kwa akili yangu, ilikuwa kama kumkumbusha jua kuchomoza. Nani anasahau kula?

Kupika na Bibi ndiko kulikonifundisha kila kitu ninachokijua jikoni, na pia ndiko kulikonitesa, maana kulikuwa ni kusubiri tu. Nsansa inalowekwa kwanza. Unasubiri. Inachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa, inachemshwa tena. Huku karanga zinakaangwa kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, unazigeuza usichoke, mpaka ngozi inaanza kupasuka na harufu inatoka nje inawaita majirani. Kisha unazimimina kwenye ungo, unazisugua kwa viganja zikiwa bado moto, unapepeta, maganda yanaruka kama inzi wekundu. Halafu kinu. Bibi alitaka karanga zitwangwe mpaka zianze kutoa mafuta zenyewe, zishike mchi. Mimi mchi wa tatu tu naona zimetosha.

"Bibi, tayari."

"Bado."

"Bibi, mbona zimelainika?"

"Subili, mke mwenzangu. Mboga siyo mbwa, haiji kwa kuitwa."

Nilichokipenda kuliko vyote ni matobolwa na karanga. Unayaosha, unayachemsha polepole mpaka yanarudi kuwa laini, maji yanageuka rangi ya asali, halafu unamwagia zile karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo sana. Unakoroga mara moja, unafunika, unaacha jiko lijizimie. Ni chakula ambacho huwezi kujua kama ni mboga au ni kitafunwa. Kinakwama kwenye meno, kinapasha kifua. Nilikuwa nakizunguka kile chungu kama paka. Na karibu kila mara, nikishamaliza changu na bado natazama chake, Bibi alisukuma bakuli lake kwangu, au alinimiminia lote kwenye sahani yangu.

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshiba halufu."

Nilimwamini. Ndivyo nilivyojua kwamba wazee wanashiba harufu. Nilidhani ni kitu kinachokuja na umri, kama mvi, kwamba ukipika miaka mingi mwisho tumbo linajifunza kula kwa pua. Niliona hata ni uchafu kidogo kwamba watoto tunahitaji kutafuna.

Siku yenyewe ilikuwa ya likizo. Kiroba cha matobolwa kilikuwa kimefika mwisho, Bibi alikikung'uta akapata ya kujaa bakuli kubwa, mengine ni vumbi. Alisema haya ni ya kuagia, mpaka watu wa kijijini wavune tena. Mama alishamchoma sindano, alishasema maneno yake, alishateremka sokoni. Tukapika. Siku hiyo nilikuwa msumbufu kuliko kawaida. Niliamka na njaa, nilifunua chungu mara nyingi mpaka Bibi akanipiga mkono kwa upawa. Chakula kilipoiva alinipakulia mimi kwanza. Nikala. Akajipakulia na yeye, akaliweka bakuli chini lipoe, akaanza kuchambua majani ya kunde ya kuanika. Mimi nikawa nalitazama lile bakuli. Sikuomba. Nasema ukweli, sikuomba, ila kulitazama nililitazama.

Akalimimina kwenye sahani yangu.

"Kula bwana, yasije yakaota macho. Mimi nimeshiba halufu."

Nikala na hayo.

Alikwenda kuanika. Mimi nilibaki uani nalamba vidole. Baada ya muda nikamsikia ananiita, lakini sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya maji. Nikapanda jiwe. Alikuwa amekaa katikati ya majani yake. Uso ulikuwa unatiririka jasho na mikono inatetemeka, majani yanamwanguka. Niliona ni jua, jiwe lilikuwa la moto.

"Kabula," akasema. Hakusema mke mwenzangu. "Nenda sokoni. Mwambie mama yako sukali imeshuka. Kimbia."

Jamani, nilifurahi! Kwanza nilikuwa nimechoka kulinda majani. Pili, hatimaye ile sukari iliyowasumbua wakubwa miezi yote imeshuka, na mimi ndiye nimepewa kupeleka habari. Niliteremka yale mawe nikirukaruka kama mbuzi. Sikusimama kucheza mahali popote. Nikijitetea leo najitetea kwa hilo moja, kwamba nilikimbia. Sijawahi kukimbia vile tena.

Nilifika soko la Mkuyuni nikaanza kutangaza kabla sijafika kwenye meza ya Mama. "Sukari imeshuka! Sukari imeshuka!" Wanawake wakainua vichwa kutoka kwenye nyanya zao.

"Eh! Imeshuka wapi?"

"Mtoto wa nani huyu mleta heri?"

"Ni wa mama wa mapapai. We mtoto, una uhakika? Nisije nikamwacha mteja wangu hapa."

"Bibi yangu ndiye amesema!" nikajibu kwa maringo, na mwingine akasema basi kama ni bibi hiyo ni taarifa ya serikali, wakacheka, wawili wakafunga vibegi vyao viunoni wakaelekea madukani kweli.

Mama alikuwa anamkatia mteja papai. Nilipomwambia hakugeuka hata kunitazama. "Afadhali," akasema. "Chukua hii, pitia dukani uniletee robo kabla haijapanda tena." Nikaenda. Na hapo ndipo watu wanapoanza kushika mbavu Mjomba akifika, maana anaigiza sauti ya mwenye duka.

"Nani kakudanganya wewe? Sukari iko palepale."

"Imeshuka!"

"Haijashuka, mtoto."

"Bibi yangu ana sukari nyingi kuliko wewe, ndiye anayejua!"

Mwenye duka alicheka akanipimia robo kwa bei ileile. Nilirudi kwa Mama nimekasirika machozi yananilenga. "Yule mtu mwongo," nikamwambia. "Anasema haijashuka, wakati Bibi mwenyewe amenituma nikimbie nikwambie sukari yake imeshuka."

Mama akaacha kukata. "Bibi amekutuma?"

"Ndiyo."

"Yukoje?"

"Amekaa kwenye jiwe. Anatoka jasho."

Kisu kilianguka juu ya mapapai. Alininyang'anya kile kifuko cha sukari mkononi akakimbia, ndala moja ikabaki sokoni. Mimi nikaiokota, nikamfuata, nikimwita, "Mama, ndala yako! Mama!" Yaani bado sikuwa nimeelewa. Nilidhani anakimbilia bei.

Bibi alikuwa amelala ubavu. Mbuzi wawili walikuwa wanakula nsansa yake na hakuwafukuza, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mama alipiga magoti, akalowesha sukari kwa maji ya kopo, akawa anampaka ndani ya mashavu, kwenye fizi, kama unavyompa mtoto mchanga dawa. "Mama. Mama, lamba. Mama, nisikie, lamba." Alisema lamba mpaka neno likapoteza maana. Mimi nilisimama na ndala.

Mwisho ulimi ulisogea. Baadaye sana Bibi akafungua macho, akalamba tena midomo, akasema polepole, "Sukali hii. Mmeinunua bei gani?"

Hapo ndipo Mjomba anapomalizia. Watu wanapiga meza, wengine wanafuta machozi. Na kweli inachekesha, nakubali. Kama mimi nisingekuwamo ningecheka zaidi ya wote.

Ila kisa hakikuishia hapo, kiliishia jioni nyingine, baada ya hospitali, Mjomba Masanja amekaa kwenye kigoda chetu mikono kichwani. Siku ile hakuwa anachekesha. "Dada, Mama hawezi kukaa hapa anaangaliwa na mtoto. Wewe unashinda sokoni. Nampeleka nyumbani, kwangu watu hawakosekani." Mama hakubisha. Bibi ndiye aliyebisha, akiwa kitandani.

"Mtoto nilimtuma, akaenda. Kuna mkubwa gani hapa anayetumwa akaenda mbio vile?"

Waliondoka na viroba vikiwa vitupu vimekunjwa, vimefungwa kamba. Kinu alikiacha. Aliniwekea mkono kichwani, akasema, "Haya, mke mwenzangu, umeshinda. Nyumba nakuachia," na mimi badala ya kumjibu utani nikajificha nyuma ya Mama. Nilijua kwa nini anapelekwa. Ni kwa sababu mimi nilikosea neno. Ningesema vizuri asingeondoka.

Nilikua na hilo. Nilikuwa mtoto wa kuuliza mara mbili mbili mpaka walimu wakanichoka. Likizo tulikwenda kumsalimia, tulipika, tulicheka, lakini hakukaa tena kwetu, na alifariki mimi nikiwa kidato cha pili. Tulipomaliza matanga, watu wakiwa wamechoka kulia, Mjomba alikisimulia hicho kisa kwa mara ya kwanza. Alitaka tu watu wapumue. Nakumbuka nilivyowaona wanacheka nikafikiri, basi, kumbe ni kosa dogo, ni neno tu, nimesamehewa.

Halafu nikaingia kidato cha tatu. Kipindi cha baiolojia, baada ya chakula cha mchana, nusu ya darasa imesinzia. Mwalimu anaeleza mambo ya kongosho. Akasema mgonjwa akichoma sindano halafu asile, sukari mwilini inashuka ghafla, na inaweza kumuua upesi kuliko ikipanda. Aliandika ubaoni, asile. Wenzangu wakanakili. Mimi niliiona sahani. Niliiona kama ilivyokuwa, ile ya bati yenye ua lililochubuka, imejaa matobolwa mara ya pili. Miaka yote nilikuwa najilaumu kwa neno. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuhusu sahani.

Hilo Mjomba halisimulii kwa sababu halijui. Na huwezi kuomba msamaha kwa watu wanaocheka, pa kuanzia hapapo. Na nilikuwa mtoto, najua, msiniandikie kuniambia nilikuwa mtoto. Nimeshajiambia. Hatia haiulizi darasa la ngapi.

Sasa nirudi wiki iliyopita. Nimepanda mlima bila chumvi. Nyumbani jikoni kuna matobolwa, Mjomba ametuma kifurushi. Mama yuko ndani. Tangu mwaka jana Mama naye anachoma sindano, anajichoma mwenyewe, na mimi sigeuzi uso. Nikakaanga karanga, nikatwanga kwenye kinu kilekile, nikachemsha, nikakoroga, nikafunika. Nikampakulia kile kiasi alichoelekezwa kliniki. Akaonja kidogo kwa ncha ya kijiko.

"Kabula, chumvi iko wapi?"

"Sijanunua."

"Duka limefungwa?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Lipo wazi. Mwenye duka alitangaza sukari imeshuka, Mama. Nikarudi."

Mama hakucheka. Nilipomtazama nikagundua kitu ambacho ningekuwa nimekigundua zamani kama ningekuwa na subira ya kuangalia watu. Mjomba akianza kile kisa, Mama huwa anainuka kwenda kuongeza kuni. Kila mara. Hata tunapopikia gesi.

"Siku ile Bibi hakula," nikasema. "Nilikula mimi. Changu na chake."

"Najua."

"Unajua?"

"Vyombo vya siku ile aliviosha nani? Bakuli lake lilikuwa na alama ya uji wa karanga pembeni, kijiko chake kikavu." Akaweka kijiko chini. "Na wewe ulikimbia. Ulifika, ukaniambia imeshuka. Mimi, niliyemchoma sindano kwa mkono wangu asubuhi, nikakutuma robo."

Nje korongo mmoja alitua kwenye mabati, kucha zake zikakwaruza.

Mama akavuta pumzi, akasukuma sahani upande wangu. "Kula wewe. Haina chumvi lakini imeiva vizuri. Mimi nimeshiba harufu."

Hakujua amesema nini. Ilimtoka tu, kama inavyowatoka wote, nadhani, kutoka kwa mama yake, na kwa mama wa mama yake. Nikairudisha sahani mbele yake. Sikukaa. Chungu kilikuwa na chakula changu, njaa ilikuwa inaniuma, na mnajua mimi kusubiri siwezi.

"Kula, Mama."

"Nitakula. Wewe umesimama hapo unafanya nini?"

"Nasubili," nikasema.

Akaniangalia. Kisha akachukua kijiko.